Tuma Pesa Nyumbani: Historia ya M-Pesa na Watoto Wetu

Kila tunapoadhimisha uhuru wa 12 Desemba 1963, tunawasimulia watoto wetu habari za Mau Mau, za Lancaster House na za bendera iliyopandishwa usiku. Mwaka huu tunawaongezea hadithi nyingine. Wengi wao waliokulia hapa Dubai wanataka kuanzisha kampuni za teknolojia, nao hudhani mifano yote iko California. Mfano mmoja mkubwa uko kwetu Kenya, na wanauona kila mwezi mzazi anapotuma pesa Kisii, Kitui au Kilifi.

Zamani aliyefanya kazi Nairobi alituma pesa nyumbani kwa hawala ya Posta, kwa benki iliyokuwa mbali na kijiji, au kwa bahasha aliyomkabidhi dereva wa basi ama jamaa anayesafiri. Bahasha nyingine hazikufika.

M-Pesa haikubuniwa kwa ajili ya shida hiyo. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, wakisaidiwa na fedha za serikali ya Uingereza, walitaka wakopaji wadogo walipe madeni yao kwa simu. Oktoba 2005 majaribio yalianza Nairobi na Thika, pamoja na Safaricom na taasisi ya mikopo ya Faulu, kwa wateja wapatao 500 tu.

Wateja wale walikuwa na mambo yao. Wengine walitumia simu kulipana wao kwa wao. Wengine waliweka pesa kabla ya safari wakazitoa walikofika, wasiibiwe njiani. Wenye maduka waliziweka humo zilale salama. Wengine walitumia jamaa walio mbali. Waanzilishi wangeweza kusema watu wameitumia vibaya. Badala yake walitazama, wakaacha habari ya mikopo, na 6 Machi 2007 Safaricom ikazindua huduma kwa ahadi moja fupi: tuma pesa nyumbani. Kabla ya mwaka kwisha, waliojiandikisha walipita milioni moja.

Sisi wauguzi somo hilo tunalijua wodini. Dawa huandikwa kwenye faili, lakini ni lazima umwangalie mgonjwa uone kama ameimeza, na kama hakuimeza, umuulize kwa nini. Kuuliza si ujinga.

Kuna mengine matatu. Kwanza, huduma ilifanya kazi kwenye simu ya kawaida ya bei nafuu, ambayo watu walikuwa nayo tayari. Pili, ilisimama juu ya mawakala, wenye maduka wanaofahamika mtaani. Wakala asipokuwa na pesa taslimu mkononi na floti kwenye simu, programu nzuri kiasi gani haimsaidii mama aliyesimama dirishani. Tatu, Safaricom ilibisha hodi Benki Kuu ya Kenya kabla ya kuanza, ingawa sheria ya malipo ya namna hiyo haikuwapo bado. Fedha za wateja ziliwekwa benki chini ya udhamini, mbali na fedha za kampuni. Sheria ya Mfumo wa Malipo ya Taifa ilikuja 2011.

Wala ushindi wa nyumbani hauhamishiki hivi hivi. Afrika Kusini M-Pesa ilizinduliwa 2010 ikafungwa 2016. Kule watu wengi zaidi walikuwa na akaunti za benki, na pengo lililokuwa Kenya halikuwa la ukubwa ule.

Kwa nini tunalisema hili siku ya uhuru? Kwa sababu sisi tulio mbali tunaishi kwa simu hiyo. Mzazi akilazwa usiku, malipo ya hospitali hayangoji ndege ya Ijumaa. Karo, matanga, harambee ya arusi, vyote hupita humo. Kwa familia zetu, pesa kufika leo au kufika wiki ijayo kunaweza kuwa tofauti ya uhai.

Basi watoto wetu, mkitaka kuanzisha kampuni, msianze na programu. Kaeni na shangazi zenu na wajomba zenu wanaofanya kazi Deira na Al Quoz. Waulizeni wanatumaje pesa, wanakatwa kiasi gani, wanapanga vipi foleni, na ni shida gani wameizoea hata hawailalamikii tena. Hapo ndipo kazi yenu ilipo.

Heri ya Sikukuu ya Jamhuri.