Yule Jamaa wa Chupa ya Soda: Tulicheka Sana, Ila Kumbe Kulikuwa na Stori Nyuma Yake

Kama ulikulia mtaani miaka ya 90 au mwanzoni mwa 2000, hii huhitaji kukumbushwa mara mbili. Jamaa mwembamba, kipande cha ngozi kiunoni, anatembea nyikani na chupa ya soda mkononi. Anaenda kuitupa mwisho wa dunia. Mtajie mtu wa rika letu stori hii. Jina la filamu hatalikumbuka, lakini ataanza kucheka kabla hujamaliza.

Filamu inaitwa The Gods Must Be Crazy. Kwenye banda umiza nani alikuwa na habari na hilo jina? Sisi tuliomba "ile ya chupa". Unalipa hela yako, unabanana na wenzako kwenye benchi au unakaa chini kabisa mbele. Luninga moja, deki moja, na mkanda uliochezwa mpaka picha imejaa chenga. Wiki nzima ni Rambo, Van Damme na Jackie Chan. Steringi hafi, adui anakufa mwishoni, tunatawanyika. Halafu siku moja mwenye banda anabadilisha upepo, anaweka ya chupa. Siku hiyo hata wale wakorofi wa nyuma walikuwa wanalia kwa kicheko.

Na sababu ilikuwepo. Vichekesho vyake havikudai Kiingereza. Kuna gari la Land Rover lisilo na breki, ambalo linaishia kuning'inia juu ya mti kwa waya wake lenyewe. Kuna faru anayezima moto kwa kuukanyaga. Kuna yule mtaalamu anayechunguza mavi ya tembo, akimwona mwanamke tu mikono na miguu vinakosa pa kwenda. Picha zimekimbizwa kidogo kama zile filamu za zamani zisizo na sauti, kwa hiyo hata mtu akitembea kawaida anachekesha. Juu ya yote kulikuwa na lugha ya jamaa, ile yenye vidoko. Tukitoka bandani tulikuwa tunagonga ulimi njia nzima hadi nyumbani.

Juzi nimeirudia kwenye simu. Nimecheka tena, sitaki kudanganya. Ila safari hii nilielewa Kiingereza cha msimulizi, na hapo ndo mambo yakabadilika.

Ilitoka wapi?

Filamu ilitoka mwaka 1980. Aliyeiandika, kuiongoza na kuitayarisha ni Jamie Uys, Mzungu wa Afrika Kusini. Alishajulikana kwa Beautiful People ya mwaka 1974, ile filamu ya wanyama yenye kile kipande cha tembo na nyani wanaopepesuka baada ya kula matunda ya mti wa marula. Mjomba wako yeyote mpenda video anaikumbuka.

Sasa weka akilini mwaka wenyewe. 1980, Afrika Kusini iko chini ya makaburu. Mandela yuko kifungoni. Nchi nyingi zimesusia bidhaa za Afrika Kusini, filamu zikiwemo, na hii ikapita mahali pengi kama filamu ya Botswana. Stori yenyewe inatokea Botswana, kwa hiyo mtazamaji wa kawaida hakuwa na cha kuuliza. Marekani iliingia mwaka 1984 ikakaa kwenye kumbi muda mrefu ajabu, ikaingiza mamilioni ya dola.

Unawakumbuka wale waasi? Wale wenye bunduki wanaoshambulia kikao cha mawaziri, wanakimbia, wawili kati yao kazi yao kucheza karata, halafu mwisho wanateka watoto wa shule? Tuliwaona kama mazuzu tu. Lakini mwaka ule, "waasi wenye bunduki" kusini mwa Afrika walikuwa ni nani hasa? Walikuwa wapigania uhuru. SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini. Na hao walikuwa wageni wa nyumbani kwetu. Kongwa, Dodoma, kulikuwa na kambi yao tangu miaka ya 60. Mazimbu, Morogoro, ANC ilikuwa na shule. Kamati ya Ukombozi ya Afrika makao yake yalikuwa Dar es Salaam.

Yaani wazazi wetu walikuwa wanachangia ukombozi, na sisi watoto wao tukaja kukaa kwenye benchi tukiwacheka wapiganaji waliochorwa na kamera ya upande wa pili. Hakuna aliyetwambia.

Jamaa mwenyewe

Kwenye filamu anaitwa Xi. Jina lake halisi lilikuwa N!xau. Alitokea sehemu za Tsumkwe, kaskazini mashariki mwa Namibia, na ni wa jamii ya Ju/'hoansi, mojawapo ya jamii za Wasan, watu ambao Wazungu waliwaita "Bushmen".

Msimulizi wa filamu anasema watu hawa wanaishi peke yao ndani kabisa ya Kalahari, hawajui kuna watu wengine duniani, hawana wazo la kumiliki kitu, hawagombani. Ndiyo maana chupa moja inayodondoka kutoka kwenye ndege inawavuruga. Na nje ya filamu iliuzwa hadithi kwamba hata N!xau mwenyewe alikuwa hajui Mzungu ni kitu gani.

Ukweli ni huu. Tsumkwe ilikuwa makazi yaliyoanzishwa na serikali ya makaburu, iliyoitawala Namibia wakati huo, tangu mwaka 1960 hivi. Kulikuwa na ofisi ya serikali, shule, zahanati na duka. Watafiti waliowajua watu wa pale waliandika kwamba N!xau alikuwa amefanya kazi ya upishi shuleni. Mpishi wa shule! Mtu ambaye dunia nzima iliambiwa hajui chupa ni nini.

Kuna kitu kingine kinaumiza zaidi. Mwaka uleule wa 1980 ilitoka filamu ya kumbukumbu ya Mmarekani John Marshall, aliyewarekodi Ju/'hoansi tangu miaka ya 50. Inaitwa N!ai, jina la mwanamke mmoja wa pale Tsumkwe anayesimulia maisha yake. Ndani yake, kamera ya Marshall inaikuta timu ya Jamie Uys kazini. Unamwona N!xau akirudishwa kurudia kipande kilekile mara kadhaa mpaka mkurugenzi aridhike. Na ukitoka pembeni ya hiyo seti, unaona maisha yenyewe: watu wanategemea unga wa kugawiwa, kifua kikuu kinawatafuna, ugomvi na ulevi vimeingia, na jeshi la Afrika Kusini linaandikisha vijana wa Ju/'hoansi kupigana na SWAPO.

Sehemu moja, wakati mmoja, kamera mbili. Moja ikatuonyesha paradiso, tukaipenda. Nyingine ikaonyesha njaa, na haikufika kwenye banda letu.

Dola 300

Kiasi kinachotajwa mara nyingi kwamba N!xau alilipwa kwa filamu ya kwanza ni dola 300. Linganisha na mamilioni niliyoyataja hapo juu.

Lakini usimwonee huruma haraka, maana jamaa alijifunza upesi. Filamu ya pili, iliyotoka 1989, alishajua thamani yake. Alidai zaidi na akalipwa zaidi. Mnaikumbuka ile: watoto wake wawili wanapanda lori kwa udadisi, lori linaondoka nao, baba anafuata nyayo. Baadaye akaitwa mpaka Hong Kong. Mwaka 1991 alicheza Crazy Safari, akiwa pamoja na wale mizimu wa Kichina wanaorukaruka mikono mbele, ambao nao walitunyima usingizi utotoni. Zikafuata nyingine mbili, 1993 na 1994.

Halafu akarudi nyumbani. Akajenga nyumba ya matofali yenye maji na umeme. Akafuga ng'ombe, akalima mahindi, maboga na maharage. Alifariki Julai 2003. Umri wake kamili hata yeye hakuujua, inakadiriwa alikuwa anakaribia miaka 60.

Ng'ombe na maboga. Shika hapo hapo, maana ndo penye uzito.

Kicheko kikawa sera

Miaka ya 80 serikali ya Afrika Kusini ilikuwa na mpango wa kuigeuza sehemu kubwa ya ardhi ya Ju/'hoansi kuwa hifadhi ya wanyama. Watu wangeruhusiwa kubaki kama wataishi "kiasili", yaani kuwinda na kuchimba mizizi, bila kulima wala kufuga. Wenyewe walikataa. Walikuwa wanataka visima, mashamba na mifugo kama mkulima mwingine yeyote. Wakaungana, wakapambana, na mpango ule haukupita kama ulivyopangwa. Namibia ikapata uhuru tarehe 21 Machi 1990.

Hata baada ya hapo, Marshall alilalamika mpaka uzeeni kwamba wafadhili na watalii walikuwa wanafika na picha ya kwenye filamu kichwani. Wakikuta mtu anamwagilia mboga wanaona kaharibika, si "halisi" tena. Wakati huo jamaa wa kwenye bango, yule yule mwenye chupa, alikuwa shambani kwake anapalilia maboga.

Ndiyo hatari ya filamu ikipendwa sana. Mtu anachekwa kwa upendo kabisa, hakuna chuki, halafu kicheko hicho hicho kinamfungia mlango anapotaka pampu ya maji.

Tusiwanyooshee wengine tu

Kabla hatujamlaumu mzee Uys aliyefariki 1996, tuangalie simu zetu. Hapa kwetu kuna Wahadzabe, pembeni ya Ziwa Eyasi. Lugha yao nayo ina vidoko, ingawa wataalamu hawajathibitisha kwamba ina undugu na lugha za Wasan. Fungua YouTube au TikTok uone. Mtu katoka mjini na kamera, anawapa soda, pizza au peremende, anasubiri waonje akirekodi sura zao. Maelfu ya watu wanaangalia, emoji za kucheka zimejaa. Ni chupa ile ile, safari hii imeletwa kwa gari. Kwenye video hizo ni nadra kusikia mtu akiwauliza kuhusu ardhi yao inavyopungua.

Na sisi tunapiga like, kwa upendo kabisa.

Je, tuache kuipenda?

Mimi siachi. Lile Land Rover juu ya mti litanichekesha mpaka nizeeke. Na N!xau alikuwa mchekeshaji kweli. Angalia anavyoongea na gari, angalia uso wake anapojaribu kuirudisha chupa kwa miungu na inaanguka tena. Hiyo si bahati ya mtu aliyeokotwa porini. Ni kazi, na ilirudiwa mbele ya kamera mpaka ikakaa sawa. Kumwita "mtu wa asili asiyejua kitu" ni kumnyang'anya hata kipaji chake.

Tena nafikiri kwenye banda tulikuwa na bahati moja. Kiingereza cha yule msimulizi kilitupita, na mahali palipokuwa na mtafsiri mwenye maiki, sauti ya mtafsiri ilimfunika kabisa. Zile sentensi za "hawajui, hawamiliki, hawagombani" hazikutuingia sana. Tulimwona mtu mwerevu, mpole, anayeshangaa ujinga wa watu wenye magari. Tulikuwa upande wake.

Kwa hiyo ukiirudia na wadogo zako au wanao, cheka nao. Ikiisha waambie jina lake. N!xau. Alikuwa mpishi, akawa mwigizaji, akafa mkulima. Chupa alikuwa anaijua vizuri tu.

Wewe uliiangalia wapi mara ya kwanza, bandani au kwa jirani mwenye deki?