Jinsi ya kumfundisha mtoto mdogo namna mwili unavyopumua

Buterere, mtaa ulio kaskazini mwa jiji la Bujumbura, ndiko taka za jiji zimekuwa zikitupwa kwa miaka mingi. Taka hizo zinapowaka, moshi hufika majumbani na katika viwanja wanakochezea watoto. Kwa mtoto anayekulia huko, somo la kupumua ni elimu ya kujilinda. Likifundishwa kwa maneno mepesi na kwa vitu vinavyoonekana, mtoto wa miaka mitano au sita hulielewa.

Njia ya hewa

Mwalimu au mzazi aanzie puani. Vinyweleo na makamasi hunasa vumbi, na hewa hupata joto kabla ya kushuka kooni. Kooni kuna kifuniko kidogo kinachoziba njia ya hewa wakati wa kumeza. Ndiyo sababu mtoto huonywa asicheke akiwa na chakula kinywani. Kisha hewa hupita katika bomba la pumzi, linalogawanyika mara mbili na kuingia katika mapafu. Pafu la kushoto ni dogo kuliko la kulia, kwa kuwa moyo umeegemea upande huo. Ndani ya mapafu kuna mamilioni ya vifuko vidogo, ambako damu huchukua oksijeni na kutoa hewa chafu.

Chupa inayopumua

Watoto wengi hudhani kwamba hewa ndiyo inayosukuma kifua. Ukweli ni kinyume chake: kifua hupanuka kwanza, ndipo hewa huingia. Jambo hili huonyeshwa kwa chupa ya plastiki na maputo mawili. Mtu mzima aikate chupa sehemu ya chini, aingize puto moja ndani na kulifunga mdomoni mwa chupa, kisha atandaze kipande cha puto la pili upande uliokatwa. Kipande hicho kikivutwa chini, puto la ndani hujaa hewa, kikiachwa, hunywea. Chupa ni kifua, puto la ndani ni pafu, na kipande cha chini ni kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo.

Kuhesabu pumzi

Mtoto aweke mkono kifuani, ahesabu pumzi zake akiwa ametulia, kisha arudie baada ya kukimbia. Ataona kwamba mwili unaofanya kazi huhitaji oksijeni zaidi.

Hesabu hiyo humfaa mzazi pia. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa miezi 2 hadi 11 anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka 1 hadi 5 anayepumua mara 40 au zaidi, anapumua kwa kasi isiyo ya kawaida. Akiwa na kikohozi, huenda ni nimonia, na yafaa apelekwe kituo cha afya. Mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, asicheleweshwe.

Moshi na mapafu

Moshi wa taka, kuni na makaa hubeba chembe ndogo zinazopenya hadi kwenye vile vifuko. Mtoto afundishwe kuondoka penye moshi, kutochezea karibu na taka zinazowaka, na kusema mapema anapobanwa na kifua. Nyumbani, jiko liwekwe penye upepo, na mtoto mchanga asibebwe mgongoni wakati wa kupika.