Kiasi cha Bunduki

Katika kamusi za kale za lugha yetu, neno kiasi lina maana moja ambayo vijana wa leo hawaijui. Mbali na kipimo, kadiri na wastani, kiasi kilikuwa pia jina la risasi kamili ya bunduki, pamoja na baruti yake, tayari kutiwa mtutuni. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, nalo latokana na kupima. Sisi wa mashairi hesabu ya silabi twaiita mizani. Wenye bunduki, cha kwao walikiita kiasi. Kila mmoja alijua kuwa kazi isiyopimwa humrudia mtendaji.

Hapa nataka kusimulia habari ya viasi vilivyofumuliwa na kuundwa upya mwaka 1915, baada ya kulala chini ya bahari karibu na Tanga. Lakini kwanza yafaa tukumbuke mwenye bunduki wa zamani alihitaji kuwa na nini.

Mwenye gumegume, na baadaye mwenye gobori la fataki, hakununua mlio uliokwisha kufungwa. Kila mlio aliuunda mwenyewe. Alikuwa na pembe ya baruti, isiyopitisha unyevu. Kijaluba au kikombe kidogo cha kupimia. Kalibu ya kusubia risasi. Kitambaa au nyuzi za kuzibia. Na mdeki wa kushindilia. Baruti yenyewe ilikuwa mchanganyiko wa shura, kiberiti na makaa. Ikizidi, mtutu huweza kupasuka usoni pa mwenyewe. Ikipungua, risasi haifiki. Ikiingia maji, basi imekwisha, kwa kuwa shura huyeyuka kama chumvi.

Kisha Ulaya ikaleta bunduki inayojazwa kwa nyuma. Vitu vyote vile vya mkobani vikatiwa ndani ya kopo moja la shaba nyeupe: fataki kitakoni, baruti tumboni, risasi mdomoni. Wepesi ulikuwa mkubwa, na utumwa wake ulikuwa mkubwa vilevile. Mwenye gobori aliweza kusubu risasi yake kwa kipande chochote cha risasi, maana kwetu jina la madini na jina la kinachoua ni moja. Mwenye bunduki mpya alimtegemea mwenye kiwanda. Kiwanda kikifunga mlango, bunduki yake ni rungu.

Dola za Ulaya zililijua jambo hilo. Katika Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 zilikubaliana kuzuia silaha za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, huku magumegume na baruti yake ya kawaida yakiachiwa mwanya chini ya uangalizi. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe wa Mkwawa walilivunja jeshi la Zelewski huko Lugalo, wakateka bunduki nyingi za Kijerumani pamoja na viasi vyake. Ushindi ule ulikuwa mkubwa, lakini kila kiasi walichokipiga hakikuwa na mrithi. Kiwanda kilikuwa kwa adui.

Mwaka 1914 zamu ya kubanwa ikawafikia Wajerumani wenyewe. Vita vilipoanza, manowari za Kiingereza ziliifunga pwani, na jeshi la Lettow-Vorbeck likawa mbali na viwanda vyake. Askari wake wengi walikuwa bado na bunduki ya muundo wa 1871, yenye baruti ya moshi mzito unaomwonyesha adui mpigaji alipojificha. Walipowashinda Waingereza Tanga mwezi Novemba walipata ghanima ya bunduki na risasi. Lakini mwezi Januari 1915, katika mapigano ya Jasin, karibu na mpaka upande wa Vanga, jeshi hilo lilipiga kiasi cha risasi 200,000. Lettow-Vorbeck alipiga hesabu, na baadaye akaandika kwamba kwa akiba aliyobaki nayo asingeweza kupigana zaidi ya mara tatu kwa namna ile.

Hapo ndipo ilipokuja meli iliyoitwa Rubens. Ilikuwa meli ya Kiingereza iliyokamatwa Ujerumani, ikavishwa jina la Kidenmark, Kronborg, na kuizunguka Afrika ikiwa na makaa, bunduki na mamilioni ya risasi. Tarehe 14 Aprili 1915 manowari Hyacinth iliifukuza mpaka ikaingia Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga. Nahodha Christiansen akaiacha ijae maji mahali pasipo na kina kirefu, huku moto ukiwaka juu. Waingereza waliona moshi, wakaamini shehena imeteketea. Ngamani, maji yaliilinda shehena na moto.

Baada ya adui kuondoka, watu walizamia, wakatoa masanduku. Lakini bahari haiazimi bure. Chumvi ilikuwa imepenya; fataki zimeharibika, baruti imelowa. Viasi vilipojaribiwa, vingi viligoma. Basi vikapelekwa Moshi, ambako reli ya kutoka Tanga iliishia, na huko karakana zikafunguliwa kwa kazi moja tu: kukifumua kila kiasi, kuianika baruti, na kukiunda tena.

Yafaa tuifikirie kazi hiyo mezani. Risasi yang'olewa mdomoni mwa ganda, ganda lisipindike. Baruti yamiminwa na kukaushwa mbali na moto. Hii haikuwa ile ya shura na makaa. Baruti isiyo na moshi haiyeyuki majini, na hiyo ndiyo siri iliyoifanya kazi iwezekane. Fataki iliyokufa yatolewa, nyingine yapachikwa. Baruti yarudishwa kwa kipimo chake, isizidi wala isipungue, kisha risasi yasukumwa mahali pake mpaka urefu uwe sawasawa. Fataki mpya hazikutoka Ulaya; zilitafutwa humu nchini, za miundo mbalimbali. Kazi hiyo ilirudiwa kiasi kwa kiasi, mchana kutwa, kwa muda mrefu. Hata hivyo, baadhi ziliendelea kugoma.

Leo wako wawindaji na walenga shabaha, hasa Marekani, wanaojijazia viasi nyumbani kwa ruhusa ya sheria zao. Mwanafunzi wa kazi hiyo hutakiwa kuwa na shinikizo la mkono na kalibu za chuma za kulirudisha ganda katika umbo lake, kifaa cha kupachikia fataki, kipimo cha urefu, mizani nyepesi sana, na kitabu cha vipimo kilichothibitishwa. Walimu wao husisitiza kwamba viwili hivyo vya mwisho havina mbadala. Ni mkoba wa mzee wa gobori umerudi, isipokuwa pembe imekuwa chupa na kikombe kimekuwa mizani.

Lakini wa Moshi hawakuwa wakicheza shabaha. Viasi vile viliyapa maisha mapato ya vita. Mwezi Machi 1916 meli ya pili, Marie, ilifika Sudi, kusini ya Lindi, na mzigo wake ukapandishwa bara vichwani mwa wachukuzi. Jeshi lililokuwa limebakiwa na mapigano matatu likaendelea kupigana hadi tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya Ulaya kunyamaza. Kila mwezi uliozidi ulikuwa na wachukuzi wake. Kwa upande wa Waingereza peke yao, hesabu rasmi ya wachukuzi waliokufa ilizidi 40,000, na wataalamu wengi huiona kuwa ndogo kuliko ukweli. Wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na njaa, kuhara na homa.

Jina la Christiansen tunalo, na la Lettow-Vorbeck tunalo. Huyo aliandika kumbukumbu zake zikachapishwa mwaka 1920. Majina ya waliokaa kwenye meza za Moshi, wakipima baruti iliyonuka bahari, sijayaona katika kitabu chochote. Huenda mmoja wao alikuwa fundi hodari kuliko wote, na huenda hakupenda kujua kila alichokipima kingemwangukia nani.

Vita vile vimetuachia maneno mawili. Moja ni Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi cha wachukuzi. Leo twalitaja tukienda kununua vitunguu. La pili ni kiasi, lililozaliwa kabla ya vita na kuvipita. Maana yake ya bunduki imekufa, yake ya kupima ingali hai. Tusiifukue ile ya kwanza ili tuitumie. Tuijue tu, tukumbuke kwamba katika nchi hii kulikuwa na wakati mtu alipouliza kiasi gani kimebaki, alikuwa akiuliza watu wangapi watakufa.