Kompyuta zisizojua desimali

Haya wadau, leo turudi kwenye historia kidogo, ila ya kompyuta.

IBM PC ya mwaka 1981 ilitumia prosesa ya Intel 8088. Hiyo ilijua namba nzima tu. Ukitaka 3.14 mara 2.7, haikuwa na amri ya kufanya hivyo. Pembeni yake paliachwa tundu tupu la chipu ya pili, 8087, ambayo kazi yake ni desimali. Ila hiyo unainunua mwenyewe.

Sasa asiyenayo alikosa hesabu? Hapana jamani, alikosa muda. Programu ilivunjavunja kila hesabu ya desimali kuwa hatua ndogo za namba nzima, makumi hata mamia. Jibu unapata, ila utasubiri.

Mwaka 1991 Intel wakaleta 486SX. Zile za mwanzo zilikuwa 486 kamili, sehemu ya desimali imezimwa tu! Ukiitaka, unanunua 487SX, ambayo kumbe ni 486 nyingine nzima. Ukiichomeka inaizima ile ya kwanza. Biashara bwana.

Mwaka 1993 id Software wakatoa gemu la Doom, na hawakuitegemea hiyo chipu kabisa. Walifanya kama muuza duka: badala ya shilingi 12.50 hesabu senti 1250, desimali imekwisha. Ila wao hawakuzidisha kwa 100, walizidisha kwa 65,536. Kwa hiyo 2.5 inakuwa 163,840. Na sine? Duara liligawanywa pembe 8,192, majibu yakapangwa kabisa kwenye jedwali. Gemu linasoma tu, kama sisi sekondari na vile vitabu vya majedwali. Mwenye 486SX akacheza bila kununua kitu.

Mwaka 1996 watu walewale wakatoa Quake, na safari hii chipu ya desimali ikawa lazima. Pentium ilikuwa nayo ndani tena yenye kasi, na dunia ya Quake ni ya pande tatu kwelikweli. Mwenye SX akabaki nje.

Siwalaumu, bila hivyo Quake isingekuwa Quake. Ila sisi tunaokwenda kufundisha tutakutana na hili kila kipindi: darasa lina wenye kikokotozi na wasionacho. Utatunga swali la kila mtu, au la wenye nacho?

Mnasemaje wadau?