Jua lipo bure, kwa nini sola za nyumbani bado zinasuasua Tanzania?

Dodoma na Singida jua linawaka sehemu kubwa ya mwaka, lakini sola nyingi vijijini bado ni za kuwasha taa na kuchaji simu tu.

Kikwazo kikubwa ni betri. Paneli nzuri hudumu miaka 25 hivi, ila betri ya asidi iliyozoeleka madukani huchoka miaka mingi kabla yake, na ikimalizwa chaji kila usiku hufa mapema zaidi. Betri ya volti 12 yenye Ah 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini za kutumia bila kuiumiza ni nusu tu. Pasi ya wati 1,000 inakula hizo 600 kwa dakika 36. Hapo ndipo mtu anasema sola ni utapeli, kumbe alipigiwa hesabu vibaya dukani. Za lithiamu zinavumilia zaidi, ila bei yake inauma.

Halafu kuna umeme wa TANESCO. Kijijini, kuunganishiwa ni shilingi 27,000. Sola ya kuendesha friji inataka mara nyingi ya hiyo, tena mwanzoni. Mwenye nguzo karibu na nyumba yake akiamua kusubiri, nani amlaumu?

Kukopa sola na kulipa kidogo kidogo kwa simu kumesaidia. Lakini usipolipa, mtambo unajifunga mpaka hela iingie. Mkulima anayeshika pesa wakati wa mavuno tu anaweza kulala giza huku paneli iko juu ya paa.