Tangi la Maji la Bwana Chardin

Mwaka 1737 iliandikwa orodha ya mirathi katika nyumba moja mjini Paris. Mwenye nyumba alikuwa mchoraji Jean-Siméon Chardin, na marehemu ni mkewe, Marguerite Saintard, aliyefariki miaka miwili kabla. Kama ilivyo desturi ya orodha hizo, hakikuachwa kitu: vitanda, shuka, sufuria. Na jikoni, tangi la maji la shaba nyekundu.

Tangi hilo tunalijua sura, kwa sababu Chardin alikuwa amekwisha kulichora miaka michache nyuma. Picha yenyewe ni ya rangi ya mafuta juu ya ubao usiofika hata sentimita 30 kwenda juu. Ungeweza kuibeba kwapani. Tangi limesimama juu ya miguu mitatu ya mbao, lina mfuniko na bomba dogo. Chini yake ipo ndoo, na pembeni vyombo vya kutekea. Basi. Hakuna mtu, hakuna dirisha, hakuna kisa.

Kwa Mparisi wa zama zile kisa kilikuwa maji yenyewe. Nyumba nyingi hazikuwa na mfereji. Wachukuzi walipandisha ndoo ghorofani, mengine yakiwa yametekwa mto Seine, nawe ukawalipa kisha ukayahifadhi. Aliyewahi kumngoja muuza maji na mkokoteni wake wa madumu hahitaji kuelezwa kwa nini tangi lilipewa nafasi ya heshima jikoni.

Wakubwa wa sanaa, hata hivyo, hawakuona heshima yoyote hapo. Mwaka 1667 mwandishi André Félibien alikuwa ameziandikia picha madaraja, kama vyeo vya jeshi. Juu kabisa wachoraji wa historia na visa vitakatifu, kisha wachoraji wa sura za watu, wakifuatiwa na wa wanyama na mandhari. Mkiani kabisa wale wa matunda, maua na makombe. Hata jina la Kifaransa la picha za namna hii halikuwa na huruma: huitwa maumbile yaliyokufa. Waholanzi walikuwa waungwana zaidi, wakaziita maisha yaliyotulia.

Chardin, mtoto wa seremala aliyetengeneza meza za biliadi, aliingia kwa mlango huohuo wa chini. Septemba 1728 Akademia ya Kifalme, chama cha wasanii, ilimpokea kama mchoraji wa wanyama na matunda. Mojawapo ya picha mbili zilizompa kiti ilikuwa ya samaki aina ya taa, amepasuliwa na kutundikwa kwenye kulabu, matumbo nje, huku paka akitambaa juu ya chaza. Mtu wa pwani akiitazama atanusa shombo. Inasimuliwa kwamba mchoraji mzee Nicolas de Largillière, alipoziona kazi za kijana huyo, alidhani ni za bingwa fulani wa Flanders.

Alipokelewa, lakini daraja lilibaki daraja. Uprofesa wa Akademia ulikuwa wa wachoraji wa historia, kwa hiyo yeye hakuupata kamwe. Alipewa kutunza hazina ya chama, na kuzipanga ukutani picha za wenzake wakati wa maonyesho. Mimi naona kazi hiyo ya pili ilimfaa kuliko walivyodhani waliomtuma: ni nani mwingine angejua kitu gani kikae kando ya kipi?

Maana huo ndio uliokuwa ufundi wake. Vyombo vyake vilikuwa vichache, na alivirudia maisha yake yote: kinu na mchi, jagi, sufuria ya shaba, birika la kahawa. Mwandishi Denis Diderot, aliyemsifu mno katika maonyesho ya 1763, aliona ajabu moja: ukiisogelea picha unakuta tabaka za rangi zisizo na maana, ukirudi nyuma, kitu kinajiunda mbele yako. Katika picha moja ya miaka ya 1760, iliyoko sasa Pittsburgh, kuna gilasi ya maji, birika na vitunguu saumu vitatu, na sijui chochote cha kuongeza juu yake.

Chardin alifariki 1779, na ladha ya mji ikahamia kwa mashujaa wa Roma ya kale. Picha za masufuria zikashuka bei. Aliyezikusanya wakati wengine hawazijali ni daktari, Louis La Caze. Alipofariki 1869, mamia ya picha zake zilirithiwa na jumba la makumbusho la Louvre. Tangi la shaba lilikuwa miongoni mwazo, na lipo huko hadi leo.

Machi 2022 kikapu cha stroberi alichokichora Chardin kiliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya yuro milioni 24. Mnunuzi alitoka Marekani. Serikali ya Ufaransa ikaizuia picha isitoke nchini, ikiitangaza hazina ya taifa, na Louvre ikaanza kuchangisha. Wafadhili wakubwa walitoa mamilioni, lakini maelfu ya watu wa kawaida nao walitoa walichojaliwa, na mwaka 2024 picha ikawa ya jumba hilo. Stroberi zimerundikwa kama kichuguu chekundu. Kando yake ipo gilasi ya maji, imejaa karibu hadi ukingoni.