Miaka 220 kwa Jina la Kuazima

Historia niliyofundishwa shuleni ilikuwa ya watu na dola. Hii ninayoisimulia ni ya jina, na mwenye jina ni mmea usio na ua wala mzizi.

Mwaka 1798 Samuel Bridel, mtaalamu wa kuvumwani kutoka Uswisi, aliupa jina mmea mwekundu uliotoka Mlango-Bahari wa Magellan, ncha ya kusini ya Amerika. Aliuita Sphagnum magellanicum. Mmea unaofanana nao ulikuwa umetanda kwenye vinamasi baridi vya Ulaya, Urusi na Kanada. Mwaka 1881 Mjerumani Limpricht aliupa ule wa Ulaya jina lake, Sphagnum medium. Waliokuja baadaye wakalifuta, wakisema ni mmea uleule. Basi kaskazini yote ikaishi kwa jina la kusini.

Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Kristian Hassel wa Trondheim, Norwe, walichapisha matokeo yao baada ya kulinganisha vinasaba na kuyatazama majani kwa hadubini. Walikuta spishi tatu. Kwa kanuni za botania, jina hubaki na kielelezo cha kwanza, kwa hiyo magellanicum ikabaki kusini. Limpricht akarudishiwa medium yake. Ya tatu ikapewa jina jipya, Sphagnum divinum, yaani ya kimungu. Mwaka 2023 wenzao wa Marekani wakatangaza ndugu yake, wakamwita diabolicum, wa kishetani. Kumbe wanasayansi nao hutaniana.

Jina likikosewa, nani anaumia? Mimea hii ya jamii ya sfagnamu hushika maji mengi kupita uzito wake, na huyatia uchachu, hata mabaki yake yakashindwa kuoza vizuri. Yanarundikana karne kwa karne, yanakuwa mboji. Ardhi ya mboji ni takriban asilimia 3 tu ya nchi kavu, lakini inakadiriwa kushikilia karibu theluthi moja ya kaboni yote iliyomo udongoni.

Sasa, medium hupenda vinamasi vya wazi vinavyolishwa na mvua pekee. Divinum hukaa zaidi pembezoni, hata penye miti. Tafiti za miongo mingi ziliandika jina moja kwa mimea yote miwili. Anayetaka kujua leo kinamasi kipi kitahimili joto lijalo hana budi kurudi kwenye tafiti hizo na kuuliza: mlipima upi?

Kinachonigusa ni kwamba mara nyingine jibu lipo. Mtu alikausha kipande cha mmea, akakitia kwenye bahasha, akaandika mahali na tarehe, akakiacha kwenye hifadhi ya mimea. Jina la juu ya bahasha linasahihishwa kwa kalamu. Kilichomo ndani ni kilekile. Pale ambapo hapana aliyeweka bahasha, takwimu zimebaki, lakini mwenye takwimu hajulikani.